Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mwana wa Dunda

Mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika habari za Chuma na Susi na wenzao, walioubeba mwili wa Dokta Livingstone kutoka bara ya mbali hata wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Habari hizo ni zetu na hatutaacha kuzisimulia. Wageni nao wakija mjini huanza kuuliza hizo. Lakini mwaka ule maiti ilipoingia mjini, kulikuwa na mtoto wa miaka mitano hivi huko Dunda, hapa hapa kwetu, ambaye alipokua aliandika habari za maisha ya pwani hii kwa upana kuliko karibu kila mtu wa zamani zake. Wageni hawamwulizi. Na sisi wenyewe, tuseme kweli, wengi wetu hatumjui. Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, na safari hii tunapenda kuwaletea maisha yake.

Huenda wako watakaouliza, huyu aliyekuwa Mwislamu, tena msomi wa dini yake, anatafuta nini katika gazeti la Kanisa? Twajibu kwamba alikuwa jirani ya babu zetu, na mila alizoziandika ndizo zilizowalea wengi wa babu hao kabla hawajabatizwa, na hata baada ya kubatizwa. Tena dhuluma iliyompata mtu huyu ilihusu ndoa yake, na mambo ya ndoa Kanisa haliwezi kuyapita kimya.

Alizaliwa yapata mwaka 1869. Siku zile Dunda ilihesabiwa kuwa kijiji kando ya Bagamoyo. Leo ni kata ya mji wenyewe. Jina la Mtoro lisimshangaze mtu. Maana yake ni mtu aliyetoroka, na zamani lilisemwa hasa juu ya mtumwa aliyemkimbia bwana wake, lakini waungwana wa pwani wamewapa watoto wao jina hili tangu zamani, na mpaka leo huitwa watu kwalo bila mtu kuliwazia neno. Yeye alikuwa mwungwana, na hilo jina la Mwinyi la baba yake latosha kuonyesha.

Bagamoyo aliyokulia ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe kutoka Ujiji na Tabora ilishukia hapa, na wapagazi kwa maelfu wakangoja mjini msimu wa kurudi. Wahindi walikopesha nguo na bidhaa, Waarabu na Waswahili waliongoza misafara, Wanyamwezi walibeba. Mapadre Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika mwaka 1868 na kuanza kijiji cha watumwa waliokombolewa. Ng'ambo ya bahari, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Misheni yetu ya Vyuo Vikuu ikaanza kujenga kanisa kuu mahali pale pale. Basi kijana huyu alikua katika mji uliosikia lugha nyingi na kuona watu wa kila hali, na kwa jinsi alivyoandika baadaye, inaonekana masikio yake hayakulala.

Alitiwa chuoni kama watoto wenzake. Alisoma Korani kwanza, kisha akaendelea na elimu ya dini na sheria, hata akahesabiwa miongoni mwa wenye elimu. Kuandika alikuandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wenye elimu wote wa Mrima. Hapa inatupasa tujirekebishe kidogo. Watu wa Kanisa tumezoea kusema kwamba wamisionari ndio walioleta maandishi. Kwa pwani hii si kweli. Tenzi ziliandikwa, barua ziliandikwa, na deni la mfanyabiashara lilikuwa na hati yake, kabla Askofu yeyote wetu hajashuka Unguja. Kilicholetwa na misheni yetu ni mtambo wa kupigia chapa, na pamoja nao herufi za Kirumi tunazosoma leo.

Tena tukisema hivyo hatupunguzi sifa ya wazee wetu. Askofu Steere alikaa na watu wa Unguja, akawasikiliza, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha hadithi walizomsimulia, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1888 vijana na walimu wa Kiungani walianza gazeti lao, Msimulizi, ambalo ndani yake Waafrika wenyewe waliandika habari za vituo vyao na safari zao. Baadaye kidogo kule Magila likaja Habari za Mwezi. Kwa hiyo mambo ya Mtoro yasionekane kama mvua ya kiangazi. Pwani nzima, wakati ule, watu walikuwa wameanza kuandika juu ya maisha yao kwa maneno ya kawaida, si kwa mashairi peke yake. Lakini vijana wa Kiungani walikuwa na gazeti lao na mtambo wa misheni yao. Mtoro hakuwa na mtambo.

Mwaka huo huo wa 1888 vita vilianza pwani. Watu wa Pangani na Bagamoyo na miji mingine walikataa kutawaliwa na Kampuni ya Wadachi iliyokodishiwa pwani na Sultani, na aliyejulikana zaidi kuwa kiongozi wao ni Abushiri bin Salim. Bagamoyo ilipigwa, watu wakakimbia, nyumba zikaungua. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mtoro alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Wadachi wakaufanya mji huu makao ya serikali yao mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na tangu hapo Bagamoyo ikaanza kushuka kidogo kidogo. Basi kumbukeni jambo hili msomapo kitabu chake: anaandika mtu aliyeuona mji wake katika ukubwa wake, kisha akauona ukianguka, naye bado hajafika miaka thelathini.

Katika miaka ya 1890 alikuwako Dar es Salaam Mdachi mmoja aitwaye Carl Velten, mkalimani wa serikali. Huyu alikijua Kiswahili sana, na alifanya jambo la busara. Badala ya kuwauliza watu maswali na kuandika mwenyewe alivyofahamu, aliwaomba wenye elimu wa pwani waandike wao habari za safari zao na za mila zao. Alipokwisha kurudi Ulaya akawa mwalimu katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887 ambako maofisa na wafanya biashara na hata wamisionari waliokuja huku walifundishwa lugha zetu. Mwaka 1901 Velten alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Selim bin Abakari, aliyefika mpaka Urusi na Siberia, na Sulemani bin Mwenye Chande, ambaye jina lake limeandikwa kwa tahajia ya Kidachi hata mtu hulipita bila kulitambua. Na yumo Mtoro wetu, anayesimulia safari yake ya Udoe hadi Uzigua na kueleza mila za Wadoe. Safari yake ni fupi kuliko za wenzake, haikufika Siberia, ilizunguka hapa nyuma ya Bagamoyo tu. Lakini sisi tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa ni nchi tunayoijua.

Kitabu kile kilipotoka, Mtoro mwenyewe alikuwa amekwisha kufika Berlin. Aliitwa mwaka 1900 kuwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika chuo hicho. Kazi yake ilikuwa kusema na wanafunzi, kuwasikiliza wanavyotamka, na kuwasahihisha. Ifikirini kazi hiyo. Mwalimu wa Dunda amesimama mbele ya maofisa vijana wa Kidachi, ambao baada ya miezi kadhaa watapanda meli kwenda kuwatawala ndugu zake, na yeye ndiye anayewaambia wamekosea. Wako watakaomlaumu kwamba aliwafundisha watawala lugha ya kututawala. Hatuwezi kusema lawama hiyo haina msingi. Lakini tukumbuke pia kwamba wengi wa wakati ule, hata katika Kanisa, walikula mkate wa namna hiyo hiyo, na si wengi walioacha nyuma yao kitu kama alichoacha yeye.

Alichoacha ni kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka 1903. Watu wengine wa pwani walitia mkono humo, lakini sehemu kubwa ni yake. Hapa tungependa kukaa kidogo, maana ndicho kinachotufanya tumtaje leo.

Kitabu kinaanza na mimba, na mwisho wa mambo kinafika kwenye mauti na matanga. Katikati yake yamo karibu yote yanayompata mtu wa pwani. Yamo mambo ya mkunga na ya mtoto kunyolewa nywele, kutiwa chuoni na malipo ya mwalimu, michezo ya watoto, jando na unyago, adabu za kuamkiana na za kula pamoja. Zimo posa na harusi na talaka. Imo kazi ya shamba, uganga na pepo na ngoma zao, heshima za majumbe, safari za bara, wapagazi na desturi zao, na sheria za kukopa na kuapa. Haya yote yameandikwa kwa Kiswahili cha Mrima kama kilivyosemwa barazani, kwa maneno mafupi, bila kujisifu na bila kuwaonea haya wageni watakaosoma. Hapigi chuku. Akieleza jambo ambalo Mdachi angelicheka, hajiteti. Hulieleza lilivyo na kuendelea na jingine.

Katika sura ya harusi kuna hesabu ya vitu vinavyotolewa: mahari yenyewe, kilemba cha baba, mkaja wa mama, na vinginevyo vinavyodaiwa mlangoni na njiani. Tuliwasomea kurasa chache baadhi ya wazee wa mtaa wetu baada ya Misa, kuwapa furaha tu, nasi hatukutazamia kwamba ugomvi utatokea. Mama mmoja alisema ubeleko haukutolewa hivyo kwao. Mwingine akasema hivyo ndivyo hasa, na kwamba huyo mwenzake ni mtu wa Pangani, atajuaje ya Bagamoyo? Mzee mmoja akakaa kimya muda mrefu, kisha akataja jina la bibi yake na kiasi cha mkaja kilichotolewa kwa ajili yake, kiasi ambacho watoto wake waliokuwapo walikuwa hawajakisikia kamwe. Tulichelewa kufunga kanisa siku ile.

Sura nyingine si ya furaha. Ni ile ya watumwa. Mtoro anaeleza watumwa walivyokuwa wa namna mbalimbali: waliozaliwa pwani, wazalia, na wale waliotoka bara karibuni, na jinsi walivyovaa, walivyoamkia, walivyooa, walivyofanya kazi, na jinsi walivyotoroka. Anayaeleza kama mwungwana anavyoyaona, kutoka juu. Watu wengi wa Kanisa letu pwani wametokana na watu waliokombolewa, wale wa Mbweni na Kiungani na kwingineko, na msomaji wa namna hiyo atajisikia vibaya anapokuta babu yake anaelezwa kwa utulivu kama mtu anavyoeleza kilimo cha mtama. Hatumwachilii Mtoro jambo hili. Lakini twaona heri aliyesema kama wanavyosema waungwana wa wakati wake, tukajua walivyofikiri, kuliko aliyefunika. Ukombozi wa babu zetu hauwezi kufahamika kwa mtu asiyejua walikombolewa katika nini.

Sasa tutazame jalada la kitabu. Jina lililoandikwa pale ni la Velten, kwamba amekusanya na kutoa. Velten hakuficha; katika maneno yake ya mwanzo alimtaja Mtoro na kazi yake. Lakini nani asomaye maneno ya mwanzo? Maktaba huandika jina la jaladani. Kwa hiyo kwa miaka karibu themanini wataalamu wa Ulaya walikitumia kitabu hiki wakikiita cha Velten, na mtu wa Dunda aliyekiandika akawa kama karani.

Mwaka 1904, mjini Berlin, Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani aitwaye Bertha Hilske. Sheria ya Ujerumani kwenyewe haikukataza ndoa ya namna hii. Lakini kitu kisichokatazwa na sheria chaweza kukatazwa na macho ya watu. Kulikuwa na magomvi baina yake na baadhi ya wanafunzi wake, ambao hawakutaka kumheshimu Mwafrika kama mwalimu wao, naye hakuwa mtu wa kunyamaza akivunjiwa heshima. Chuo hakikusimama upande wake kama ilivyopasa. Mwaka 1905 kazi yake pale ikaisha.

Basi akafanya lile ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Alimchukua mkewe waende nyumbani. Walipanda meli, wakapita bahari yote ile, hata wakafika pwani hii. Na hapo serikali ya Gavana von Götzen ikakataa mke asishuke. Sababu yao ilikuwa kwamba mwanamke wa Kizungu akionekana anakaa na mumewe mweusi katika nyumba ya Kiafrika, heshima ya Wazungu itapotea machoni pa wenyeji. Hakuwa mwizi, hakuwa mgonjwa wa tauni, wala hakudaiwa. Alikuwa mke wa mtu anayerudi kwao.

Ndugu, hebu tufikiri. Mtu amekaa ugenini miaka mitano. Ameandika kitabu kizima juu ya mji wake, juu ya jinsi bwana harusi anavyopokewa na jinsi mgeni anavyokaribishwa. Sasa yuko melini, harufu ya nchi anaisikia, minazi anaiona, madau yanapita karibu na watu wake ndani yake, na anaambiwa kwamba mlango umefungwa kwa mkewe. Yawezekana wengine wangaliona njia nyepesi: mwanamke arudi kwao, mwanamume ashuke, apate mke mwingine Dunda, na mambo yaishe. Sheria ya dini yake isingalimzuia, na serikali isingalisema neno. Hakufanya hivyo. Walirudi Ujerumani wote wawili.

Tunapofunga ndoa kanisani tunasikia kila mara maneno yanayokataza watu kuwatenganisha waliounganishwa. Waliotoa amri ile mwaka 1905 walilelewa katika makanisa, na maneno hayo waliyajua tangu utoto. Aliyeyatimiza, kwa kupoteza nchi yake, ni Mwislamu wa Dunda. Hatusemi hili ili kuwafanya Waislamu Wakristo, wala kuwaaibisha wasomaji wetu. Twasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu katika mtaa wetu wako waliooa au kuolewa na watu wa kabila au nchi nyingine, nao wanajua jinsi jamaa wanavyoweza kufunga mlango bila ya kuwa na gavana.

Mwaka ule ule vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi, na serikali ya Götzen ikashughulika na kuua na kuchoma vyakula kusini yote. Katika makelele hayo nani angeliwakumbuka mume na mke waliorudishwa? Mwaka 1906 serikali ya koloni ikatoa amri ya kukataza ndoa za namna ile, kwa hiyo kilichotendwa kwa mtu mmoja kikawa kanuni ya nchi. Mtoro hakukubali kimya. Aliandika kwa wakubwa wa makoloni mjini Berlin akieleza alivyotendewa na kudai haki yake. Yule mtu aliyezoea kueleza desturi za watu wake kwa Wadachi, sasa aliwaeleza Wadachi desturi zao wenyewe, kwamba sheria yao waliyoiandika hawaifuati.

Miaka yake iliyobaki tutaipita upesi. Tangu 1909 mpaka 1913 alifanya kazi Hamburg, katika chuo cha mambo ya makoloni, akiwa msaidizi wa Profesa Carl Meinhof, yule mtaalamu mkubwa wa lugha za Kibantu. Watu wasomao vitabu vya Meinhof juu ya lugha zetu wakumbuke kwamba nyuma ya Profesa walikuwapo wasemaji, na kwa miaka ile mmoja wao alikuwa mtu wa Bagamoyo. Baadaye alijipatia riziki kwa kuzunguka mijini akiwahutubia watu juu ya Afrika ya Mashariki. Vita Kuu ya kwanza ikaja, Wadachi wakanyang'anywa nchi hii, Waingereza wakaitwaa na kuiita Tanganyika. Sasa hakukuwa tena na gavana wa Kidachi wa kumzuia, lakini alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke, maskini, katika nchi iliyoshindwa. Mwafrika katika Ujerumani wa siku zile alikuwa na kazi ngumu hata ya kujieleza ni raia wa wapi. Hakurudi. Alikufa Berlin mwaka 1927, karibu na miaka sitini.

Kitabu kikaendelea kuishi bila yeye. J. W. T. Allen, Mwingereza aliyekaa sana katika nchi zetu na kukusanya maandishi ya Kiswahili ambayo mengi yamewekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikifasiri kwa Kiingereza. Yeye mwenyewe alikufa kabla hakijatoka, na rafiki yake Noel King akakimalizia. Kilitoka Marekani mwaka 1981. Katika jina la kitabu hicho wameandika kwamba hizi ni desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Hivyo jina lilirudi mahali pake, miaka 78 baada ya Göttingen na miaka 54 baada ya mwenyewe kuzikwa. Halafu mwaka 2009 Ludger Wimmelbücker, Mjerumani, alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake, nacho kilitolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Hiki kimeandikwa kwa Kiingereza. Mtu mwenye moyo angekifasiri, maana jambo la mwana wa Dunda kuelezwa kwa Kiingereza peke yake halitupendezi sana.

Watu wengine wamesema nasi kwamba desturi alizoziandika zimekufa, kwa hiyo kitabu ni cha wataalamu tu. Hatuoni hivyo. Matanga bado tunakaa, Wakristo na Waislamu, na katika mtaa wetu jirani huja na unga na sukari bila kuuliza marehemu alisali wapi. Somo bado yupo, ingawa siku hizi huja na simu mkononi. Mkaja na kilemba bado vinadaiwa, na bei yake imepanda kuliko mishahara. Yaliyokufa nayo yana faida kuyajua. Mtoto wa shule wa Bagamoyo anaweza kueleza Livingstone alikufa wapi, lakini ukimwuliza jumbe alikuwa mtu wa namna gani hapa mjini hana jibu, na babu yake aliyekuwa na jibu amekwisha kufa.

Sisi tunaotengeneza gazeti hili tumeanza kuandika katika daftari yale wazee wanayotuambia kila tunaposoma nao sura moja ya kitabu hiki, pamoja na majina yao, kila mtu na maneno yake. Sura ya harusi tumekwisha. Inayofuata ni ya safari za bara na wapagazi. Walio na barua za zamani, hata zile za herufi za Kiarabu ambazo wenyewe hawawezi kuzisoma, au picha za Dunda na za mji, wanaombwa wazilete tuzitazame na kuzinakili, kisha tutawarudishia wenyewe siku hiyo hiyo. Tunakutana Jumapili baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Jirani zetu Waislamu wanakaribishwa sana, na yule mama wa Pangani pia.